Kabla hujafunga kifuniko: maji yaliyozidi kwenye chupa za mbegu ya uyoga

Mbegu ya uyoga, kwa asiyeijua, ni nafaka iliyopikwa ndani ya chupa, ikapandikizwa mbegu mama kidogo ya kununua, mpaka utando mweupe wa uyoga ukaienea. Chupa ya nafaka ikishafungwa na kuingia kwenye presha kuka, maji yaliyomo hayana tena pa kwenda. Yatageuka mvuke, yatarudi kuwa maji, yatateremka kwenye kioo taratibu mpaka kwenye kitako, na huko chini yatazikuta punje za mtama na kuzichachusha. Ndiyo maana karibu yote nitakayoeleza hapa ni ya kufanya kabla ya kifuniko. Baada ya hapo unabaki mtazamaji.

Nilipoanza, nilifuata maelekezo ya watu wanaoishi kwenye hewa kavu: loweka, chemsha, tandaza saa moja, jaza chupa. Nikatandaza saa moja kamili, simu mkononi. Ilikuwa Aprili, Kimara, Dar es Salaam, masika imekolea, na shati nililofua juzi yake lilikuwa bado bichi kwenye kamba ya barazani. Shati lilikuwa linaniambia, mimi silisikii. Katika chupa 12 nilizopanda mbegu wiki ile, zilizopona ni tatu. Zilizobaki zilinuka kama uji uliosahaulika kwenye sufuria tangu jana.

Tuelewane kwanza kuhusu maji yenyewe, maana si yote ni adui. Maji yaliyo ndani ya punje yanatakiwa. Utando mweupe wa uyoga unakunywa humo, na nafaka ikiwa kavu utando unasinyaa njiani. Tatizo ni maji ya nje, yale yanayoizunguka punje. Yanajaza nafasi kati ya punje na punje, hewa inakosa pa kupita, na utando unapumua kama sisi. Bakteria hawajali. Wale wa kundi la Bacillus wana vijimbegu vigumu vinavyostahimili hata maji yanayochemka, na vikipata umajimaji na joto vinaamka na kuzaliana haraka kuliko uyoga unavyoweza kutambaa. Tena utando wenyewe unapokula nafaka unatoa maji. Chupa iliyoanza ikiwa imeshiba hadi pomoni, wiki ya pili itakuwa inaogelea.

Anza sokoni. Mimi nanunua mtama Tandale, kwenye magunia ya nafaka, na swali la kwanza la muuzaji huwa, "Dada, wa uji au wa pombe?" Wowote unafaa. Kinachonisumbua zaidi ni kama ni wa kula au wa kupanda. Mtama wa duka la pembejeo, uliopakwa dawa ya rangi, usiuguse: ile dawa imewekwa kuua kuvu, na uyoga ni kuvu. Ulizia pia kama gunia lilinyunyiziwa unga wa dawa ya wadudu. Wakikwambia ndiyo, tafuta gunia jingine. Kisha ingiza mkono mpaka katikati ya gunia. Ukikuta ubaridi wa unyevu au harufu ya uvundo, achana nalo hata kama bei inavutia. Punje zilizovunjika nazo zihesabu kama hasara: zinatoa wanga, wanga unakuwa gundi, na gundi hiyo inashika maji ambayo hayatakauka.

Kuna kipimo cha wakulima ninachokipenda, hakihitaji mashine. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia mtama mpaka robo, ongeza vijiko viwili vya chumvi, funga, tikisa dakika kadhaa, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, nafaka ina unyevu zaidi ya asilimia 15. Ikianguka yote chini, iko salama. Kwa hapa Dar kuna nyongeza ndogo ambayo wa bara huenda hawaihitaji: ikaange chumvi kwanza kwenye kikaango kikavu mpaka iache kushikana, iache ipoe ndani ya chombo kilichofunikwa, ndipo uitumie. Chumvi yetu inalia yenyewe bila kuguswa na mtama, na itakudanganya.

Sasa mizani. Kama kuna kitu kimoja ningemwambia jirani anunue kabla ya chupa hata moja, ni mizani ndogo ya jikoni. Hesabu yake iko hivi. Kilo moja ya mtama mkavu wa kawaida huwa na maji kama asilimia 12, yaani gramu 880 ni mtama wenyewe na 120 ni maji. Nafaka ya mbegu ya uyoga tunataka iwe na maji kati ya asilimia 45 na 50 ya uzito wake wote. Gramu 880 zikiwa asilimia 55 ya uzito, jumla ni gramu 1,600. Zikiwa asilimia 50, jumla ni 1,760. Kwa hiyo kilo moja uliyoianza, ukimaliza kuloweka, kuchemsha na kukausha, isome kati ya namba hizo mbili. Mimi nasimama kwenye 1,650 na sisogei. Nikiona 1,850, sibishani na mizani wala siangalii saa imefika ngapi. Narudisha mtama kwenye neti ya kukaushia. Uzuri wake ni kwamba mizani haijui kama ni masika au kipupwe. Inajua uzito tu.

Kuloweka hakuna siri kubwa. Osha mara tatu au nne mpaka maji yaache kuwa meupe, kisha loweka saa 12 hadi 18. Kuloweka huko kunashibisha punje mpaka kiini, na pia kunawaamsha wale vijimbegu wagumu wa bakteria ili moto uwakute wakiwa laini. Lakini joto letu la usiku halina mchezo: ndoo iliyopitiliza saa 24 inaanza kutoa mapovu na harufu ya togwa. Ukilala usingizi wa pono na kukuta mapovu, mwaga, usijipe moyo. Chemsha kwa moto mdogo, si kwa fujo, dakika 10 mpaka 15. Punje unayoitaka ukiiminya kwa kucha inalainika, ndani haina kiini cheupe kikavu, na ganda lake ni zima. Ukiona punje zinachanua kama bisi, umechelewa. Chache hazina neno. Zikifika moja kati ya kila kumi, wape kuku mtama huo ukiwa ungali mzuri na uanze upya.

Kukausha ndiko kwenye kazi, na ndiko wengi wanakoharibu kwa kosa moja dogo: wanachuja mtama wa moto halafu wanausuuza kwa maji ya baridi ili upoe haraka. Usifanye hivyo. Ule moto ndio unaokukaushia. Mtama uliotoka jikoni sasa hivi ukiutandaza mwembamba, mvuke unaondoka na maji ya juu ya ganda bila wewe kufanya lolote. Ukiupoza kwa maji, umejinyima msaada na umeongeza mzigo. Mimi natumia kipande cha chandarua kipya, hakina dawa, nimekifunga juu ya fremu ya mbao ili hewa ipite juu na chini. Tandaza unene wa punje mbili tatu, geuza kwa mkono uliooshwa, washa feni. Umeme ukikatika, na utakatika, chukua ungo upepete. Kupepeta kulikobuniwa kuondoa makapi kunarusha maji vizuri ajabu. Bibi yangu alinikuta nikipepeta mtama uliochemshwa akauliza kama nimechanganyikiwa, nikamwambia, "Bibi, hapa napepeta maji." Hakuridhika.

Utajuaje umefika? Uzito kwanza. Kisha weka kiganja cha punje juu ya tishu kavu, hesabu mpaka thelathini, zimwage. Tishu ikibaki na alama za maji, bado. Ikiwa na ubichi hafifu usioacha doa, sawa. Halafu angalia punje zenyewe kwenye mwanga wa dirisha. Punje iliyo tayari imefifia, kama ngozi isiyopakwa mafuta. Ikiwa inang'aa, kuna utando wa maji juu yake, hata kama vidole vyako vinakwambia ni kavu. Katika miezi ya Juni mpaka Agosti, kusi linapovuma, kazi hii inaniishia ndani ya saa moja na nusu. Aprili imewahi kunichukua alasiri nzima.

Jasi watu wanaisifia kupita kiasi. Gramu 10 hadi 20 kwa kilo ya mtama mkavu zinasaidia punje zisishikane, basi. Haitakausha bwawa. Na ile ya mafundi wa dari iangalie maandishi ya mfuko, kwa sababu nyingi zimechanganywa na viambato vya kugandisha ambavyo havina kazi kwenye chakula cha uyoga.

Chupa nazo: kioo, mdomo mpana, jaza theluthi mbili tu. Ile nafasi ya juu ni ya kutikisia, na chupa isiyotikisika ni chupa ambayo maji yake yatabaki pale yalipo. Kwenye tundu la kifuniko usitumie pamba ya hospitali. Inanyonya mvuke, inalowa, na pamba iliyolowa ni daraja la kuvu wa kijani kuingia ndani. Tumia pamba ya plastiki inayojazwa kwenye mito, maji hayaishiki. Juu yake funika karatasi ya foili, uikunje vizuri shingoni, ili matone yanayodondoka kutoka kwenye mfuniko wa presha kuka yasitue kwenye tundu.

Ndani ya presha kuka chupa zisiguse maji. Weka wavu au tandika vifuniko vya zamani chini, maji yawe kina cha vidole viwili au zaidi kidogo, ya kutosha muda wote bila kukauka. Acha mvuke utoke kwa nguvu dakika 10 ili hewa iishe, kisha weka kizito juu ya tundu la mvuke. Chupa za lita moja zinahitaji dakika 90 kwenye presha ya paundi 15, ambayo ni nyuzi joto 121. Sisi wa usawa wa bahari tunazipata hizo 121 kikamilifu. Aliye Arusha au Mbeya, presha hiyohiyo kwenye geji inampa joto pungufu kidogo, hivyo akikupa muda wake usiunakili, na yeye asiunakili wa kwako.

Kisha zima moto na uende ukalale. Hili nasisitiza, kwa sababu haraka yake nimeilipia. Ukiinua kizito ili mvuke utoke upesi, presha inashuka ghafla, maji ndani ya chupa yanachemka upya na kurukia kwenye kifuniko, na pamba yote inalowa. Acha ipoe yenyewe usiku kucha.

Asubuhi zitoe, zitikise, zipange kwenye rafu ya mbao kwa saa 24 kabla ya kupanda mbegu. Umande kwenye kioo ni kawaida, matone machache pia. Nafaka itanywa sehemu ya maji hayo. Lakini kesho yake ukiona maji yamesimama kwenye kitako, hata unene wa ukucha, usijidanganye kwamba utando utayanywa. Fungua, tandaza upya, kausha, pika tena. Inauma, ila mbegu mama ni ghali kuliko gesi ya dakika 90.

Chumba nacho kinatengeneza maji. Umande unakimbilia upande ulio baridi, hivyo chupa zilizokaa chini ya bati lisilo na dari, mchana tanuri na usiku limepoa, zitalia kila alfajiri. Sakafu ya sementi na upepo wa kiyoyozi unaopiga upande mmoja vinafanya hivyohivyo. Uyoga wa mamama, unaoitwa pia oyster, unapenda nyuzi 24 hadi 28 zisizopandapanda na kushuka. Kwangu sehemu hiyo ni korido, kwenye kabati la vitabu, na waliokuja kunitembelea wameshazoea.

Chupa ikichacha utaiona kabla hujainusa: punje zinateleza kwenye kioo, zimekuwa za kijivu kama zimelambwa, na utando umesimama ghafla kwenye mstari usiovuka. Usiifungue ndani ya nyumba. Irudishe kwenye presha kuka ikiwa imefungwa, ndipo ukamwage nje, mbali na zile nzima.

Na kila ninapopika, chupa moja siipandi mbegu. Naiandika tarehe na uzito kwa kalamu ya wino mzito, naiweka katikati ya zenzake kwa siku saba. Ikichacha hiyo, kosa ni la jikoni kwangu: maji au moto. Ikikaa safi huku zilizopandwa zimeharibika, nachukua chupa zote mbili, nzima na mbovu, namfuata aliyeniuzia mbegu.