Jinsi ya kulinganisha kadi za grafiki kwa Black Myth: Wukong bila kuingizwa mjini na namba

Wakuu, kabla hujatoa hela ya kadi kisa umeona video RTX 4060 inagonga FPS (fremu, yani picha, kwa sekunde) mia na kitu kwenye Wukong, uliza kwanza hizo mia zimepatikana kwa setingi gani, maana hii gemu kadi ileile inaweza kukupa mia ukahama setingi mbili tu ikakupa hamsini na wala hamna aliyedanganya. Namba mbili unazilinganisha pale tu kila kitu kingine kiko sawa.

Uzuri ni kwamba huhitaji kununua gemu ndo upime. Game Science, watengenezaji wake, walitoa gemu tarehe 20 Agosti 2024 na kabla ya hapo wakaweka Steam (duka la gemu mtandaoni) programu ya bure ya kupimia, itafute kwa jina la Black Myth: Wukong Benchmark Tool, na ni ndogo sana ukilinganisha na gemu yenyewe inayotaka GB 130 za diski, kwa hiyo bando lako litapona. Ukiifungua mara ya kwanza inakaa ikiandaa sheda (viprogramu vidogo vya kuchorea picha), iache imalize, usiifunge. Na matokeo ya raundi ya kwanza yatupe tu, endesha tena mara tatu af chukua la kati.

Sasa setingi. Hapa ndo watu wengi wanapigwa. Kuna mstari wa Super Resolution wenye asilimia, ukiwa 100 gemu inachora picha nzima kwa ukubwa wa skrini yako, ukiushusha mpaka 50 kwenye skrini ya 1920 kwa 1080 kadi inachora 960 kwa 540 tu, yani robo ya vidoti vyote, halafu DLSS au FSR (teknolojia za kukuza picha) ndo inaikuza ijaze skrini. Sio vibaya kuitumia kucheza, mi mwenyewe naona gemu kama hii bila hiyo kwenye kadi ya kawaida ni kujitesa, ila kama mwenzako kapima kwa 50 na we umepima kwa 75 hapo hamjalinganisha kitu. Andika pembeni: rezolusheni, asilimia, kiwango cha ubora (Low, Medium, High, Very High, Cinematic), na umetumia DLSS, FSR, XeSS au TSR.

Frame Generation izime kabisa wakati wa kulinganisha. Hiyo inabuni fremu za katikati ambazo gemu haikuzichora, namba inapanda lakini mkono wako hausikii wepesi huo, na kama fremu za kweli ziko 25 mwanzoni utaona vitu vinateleza vizuri ila kukwepa pigo la bosi unachelewa vilevile. Mnakumbuka Januari 2025 kule Las Vegas kwenye maonyesho ya teknolojia ya CES, Jensen Huang, bosi wa NVIDIA wanaotengeneza hizi RTX, akasimama akasema RTX 5070 ya dola 549 inatoa uwezo wa RTX 4090? Ujanja wote ulikuwa hapo, RTX 50 wakati huo zilikuwa zinabuni mpaka fremu tatu kwa kila moja iliyochorwa wakati 4090 inabuni moja. Ukizima hicho kitu kwa zote mbili 4090 inaiacha mbali.

Full Ray Tracing (kukokotoa miale ya mwanga ili vivuli na uakisi vionekane halisi) nayo pima kando, usiichanganye na matokeo mengine. RX 6000 na RX 7000 za AMD zinalemewa sana ukiiwasha, kwa hiyo ukichukua hiyo peke yake utadhani AMD wote ni takataka na si kweli, ikiwa imezimwa mashindano yanakuwa ya karibu. Na kiukweli kwa kadi ya chini ya dola 300 huenda usiiwashe kabisa, sasa unainunulia kadi ya nini.

Matokeo yakitoka usikimbilie wastani. Angalia ile namba ya 5% za chini (FPS ya zile fremu zilizochelewa zaidi), hiyo ndo inakwambia gemu inakwama kiasi gani. FPS 60 maana yake kila fremu inachukua milisekunde 16.7, ikitokea moja ikachukua 80 jicho linaiona papo hapo hata kama wastani unasoma 70. Kadi yenye wastani wa 62 na chini 52 mi naichukua mbele ya yenye wastani 70 na chini 38. Halafu kumbuka kile kipimo ni kamera inapita tu msituni, hamna mtu anapigana, prosesa inapumua. Mwenye gemu yenyewe aweke CapFrameX (programu ya kurekodi FPS) arekodi pigano la kweli.

VRAM, yani memori ya kadi yenyewe, ndo inaleta ubishi usioisha wa RTX 3060 na 4060. 4060 ni mpya zaidi, ina kasi zaidi na inakula wati 115 wakati 3060 inakula 170, lakini ina GB 8 na 3060 ya kawaida ina 12 (ipo na ya GB 8, soma boksi vizuri). Zikijaa hizo 8 data inamwagikia kwenye RAM ya kompyuta kupitia PCIe (sloti inayounganisha kadi na bodi), na 4060 inatumia njia 8 tu, kwa hiyo kwenye mabodi ya zamani yenye PCIe 3.0 unaumia zaidi. Washa MSI Afterburner (programu ya kufuatilia kadi) uangalie matumizi ya VRAM na pia asilimia ya GPU, yani kadi inafanya kazi kiasi gani: ikisoma 97 au 99 kadi ndo kikomo, ikisoma 60 na hujaweka kikomo cha FPS basi mara nyingi prosesa ndo imechoka, na hapo kadi kubwa zaidi haitakusaidia sana.

Laptopu ni dunia nyingine, 4060 ya laptopu inaweza kupewa wati 35 au 115 na jina ni lilelile.

Mwisho gawanya bei kwa FPS. Tuseme kadi moja ni laki tisa inatoa 60, hiyo ni 15,000 kwa fremu, nyingine ni milioni moja na laki moja inatoa 68, hiyo ni kama 16,200. Ila ongeza na bei ya pawa saplai, maana zile kompyuta za ofisi za mtumba nyingi hazina hata waya wa pini 8 wa kuipa kadi umeme. Na kama kadi imeshatumika, mwambie muuzaji aichomeke kwenye kompyuta mbele yako, irudierudie kile kipimo dakika kumi na tano feni zikiwa zinalia, uangalie joto na kasi ya GPU, kasi ikianza kuporomoka raundi ya tatu shusha bei au ondoka.