Kutenga kingamwili za albumini kutoka kwenye seramu ya sungura

Kingamwili hizi hutumika kwenye vipimo vya albumini katika mkojo wa wagonjwa wa kisukari. Protini A, chambo cha kawaida, hukamata IgG (kundi kuu la kingamwili za damu) za sungura bila kujali zinashika nini. Tunataka zile zinazoshika albumini ya binadamu tu, kwa hiyo chambo ni albumini yenyewe.

1. Kuandaa jeli. Loweka gramu 1 ya Sepharose 4B (chembe za agarosi) iliyoamshwa kwa sianojeni bromaidi katika HCl ya 1 mM, dakika 15. Utapata mililita 3.5 hivi za jeli. Yeyusha albumini, miligramu 5 kwa kila mililita ya jeli, kwenye NaHCO3 ya 0.1 M yenye NaCl ya 0.5 M, pH 8.3. Tris (bafa nyingine) isikaribie hapa: ina amini, itainyang'anya albumini nafasi. Changanya saa 2 kwa kupindua chupa polepole. Sumaku ya kukorogea husaga chembe za jeli na kolamu (bomba litakalojazwa jeli hii) huziba. Malizia kwa Tris ya 0.1 M, pH 8, saa 2, kufunga nafasi zilizobaki.

Sasa jaza jeli kwenye kolamu, pitisha glisini ya 0.1 M, pH 2.7, kisha PBS (bafa ya chumvi na fosfeti). Wengi huiruka hatua hii, halafu albumini iliyolegea hutoka pamoja na mavuno na kuzishika kingamwili zilezile.

2. Seramu. Sentrifuji 10,000 g, dakika 15. Chuja kwa 0.45 µm, ongeza PBS kiasi sawa. Pitisha taratibu, na usimwage kilichopita. Osha kwa PBS yenye NaCl ya 0.5 M hadi usomaji wa mwanga wa nanomita 280, unaoonyesha protini, ushuke chini ya 0.05.

3. Kuvuna. Tanguliza mikrolita 100 za Tris ya 1 M, pH 9, katika kila mrija, ndipo upitishe glisini ile ile kwenye kolamu na kukusanya mililita 1 kila mrija. Kingamwili zikikaa kwenye asidi huharibika na kugandana. Usomaji wa 1.4 ni takriban miligramu 1 kwa mililita.

Mavuno haba? Pima kilichopita kwa ELISA (kipimo cha kutambua kingamwili). Kingamwili zikiwamo, ulizidisha seramu au uliharakisha. Zisipokuwamo, huenda zimeng'ang'ania: jaribu MgCl2 ya 3 M.

4. Kusafisha. Baadhi zitashika pia albumini ya ng'ombe. Fanya dayalisisi (kubadili bafa kupitia utando) kwa PBS, 4°C, usiku kucha, kisha zipitishe kwenye kolamu ya albumini hiyo na uchukue zinazopita.

Kolamu ihifadhiwe 4°C kwenye PBS yenye sodiamu azaidi 0.02%. Ioshe kwa PBS kabla ya kurudisha glisini, kwani azaidi ikikutana na asidi hutoa gesi ya sumu.