Jinsi ya kupeleka malalamiko kuhusu mzee anayeteswa au kutelekezwa makaoni nchini Uganda

Mzee akipigwa, akinyimwa chakula au akiachwa alale kwenye mkojo wake ndani ya makao ya wazee, malalamiko yake huingilia milango mitatu: polisi, ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo, na Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda. Wengi hukosea mpangilio. Huanza kwa kikao na wasimamizi, kisha kikao kingine, na mwezi ukiisha shuka zimebadilishwa, michubuko imefifia na mtunzaji mhusika ameshahamishwa. Ndiyo maana tunaanza na mwili wa mzee, si na barua.

Siku ya kwanza

Kama hapumui vizuri, hajitambui au anavuja damu, piga 999 au 112 na umpeleke hospitali. Makaratasi yatasubiri.

Kama si dharura, mwombe ruhusa, funga mlango, umkague. Vidonda vya kulalia huanzia mahali mfupa ulipo karibu na ngozi: mfupa wa mkia, nyonga, visigino, viwiko, kisogo. Asiyeweza kujigeuza hugeuzwa takriban kila saa mbili. Kwenye ngozi nyeusi wekundu wa mwanzo hauonekani sawasawa, kwa hiyo tumia kiganja: pakiwa na joto, pagumu au panauma kuliko pembeni, kidonda kimeanza. Mgonjwa mahututi anaweza kupata kidonda hata akitunzwa vizuri, na makao yatajitetea hivyo hivyo. Kwa hiyo hukumu ya chanzo mwachie daktari, wewe andika ulichokiona.

Michubuko ya kuzunguka vifundo vya mikono huashiria kamba, na alama za vidole kwenye mkono wa juu huashiria kushikwa kwa nguvu. Piga picha mbili za kila jeraha, moja ya mbali inayoonyesha ni nani, nyingine ya karibu ikiwa na sarafu pembeni ili ukubwa ujulikane. Usizirushe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Zikishasambaa, mzee amevuliwa nguo mara ya pili.

Hesabu dawa pia. Vidonge 30 vya kumeza kimoja kwa siku, baada ya siku 20 vinapaswa kubaki 10. Ukikuta 24, dozi 14 hazikutolewa, na hesabu hiyo ni ngumu kubishia.

Kisha uliza kitambulisho cha taifa kiko wapi. Mwenye miaka 80 na zaidi aliyeandikishwa kwenye SAGE, mpango wa serikali wa posho za wazee, hulipwa shilingi 25,000 kwa mwezi, na kitambulisho kikiwa mfukoni mwa mtunzaji, mara nyingi pesa nazo ziko huko.

Mzee akikataa

Jajja, yaani babu au bibi, anaweza kukwambia, “Mwanangu, nyamaza, wataniondoa.” Hofu hiyo ina msingi. Makao rasmi Uganda ni machache, mengi ni ya mashirika ya dini, na aliyepata kitanda hana pengine. Kama akili yake ni timamu, uamuzi ni wake. Tafuta kwanza atakapolala hata kwa wiki mbili, kwa ndugu au jirani, halafu muulize tena. Jibu hubadilika mara nyingi akishajua hatarudi kitanda kile kile usiku ule ule.

Polisi

Nenda kituo kilicho karibu na makao, si karibu na kwako. Ulizia ofisi ya familia na watoto, CFPU. Jina lisikutishe, ugomvi wa kifamilia na unyanyasaji wa wazee hupokelewa humo pia. Kabla hujatoka, hakikisha taarifa imeandikwa kwenye daftari la kituo na umepewa namba yake, inayoitwa namba ya SD. Bila namba hiyo, wiki ijayo utaambiwa hukufika. Faili la jinai likifunguliwa litapata namba ya CRB, yaani ya daftari la kesi za jinai, nayo iandike.

Omba fomu ya PF3 ya uchunguzi wa majeraha, au PF3A kama kuna shambulio la kingono. Ni bure. Mpeleke mzee hospitali au kituo cha afya siku hiyo hiyo, mhudumu aijaze na kutia saini, utoe fotokopi ndipo uirudishe. Fomu nyingi huharibika kwa neno moja, “majeraha.” Mwombe mhudumu aandike mahali, ukubwa kwa sentimita, umri wa jeraha na kinachoweza kulisababisha.

Askari wengi wanakijua Kiswahili, lakini maelezo huandikwa kwa Kiingereza. Usitie saini wala dole gumba mpaka usomewe yote kwa lugha unayoielewa. Sheria ya jinai ya Uganda humbebesha aliyechukua jukumu la kumtunza mtu asiyejiweza wajibu wa kumpatia mahitaji ya lazima ya maisha, kwa hiyo kutelekeza si “mambo ya ndani ya makao.” Ukikataliwa, panda kwa mkuu wa kituo, kisha kamanda wa polisi wa wilaya. Askari akidai hongo, PSU, kitengo cha polisi cha kusimamia maadili ya kazi, hupokea malalamiko dhidi ya askari.

Kaunti ndogo

Mpelekee ofisa maendeleo ya jamii barua fupi, nakala kwa ofisa ustawi wa wilaya na kwa mwakilishi wa wazee kwenye baraza la eneo hilo. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Faida kubwa hapa ni kwamba ofisa huyu anaweza kuyatembelea makao na kuandika ripoti.

Tume ya Haki za Binadamu

Tume, iliyoundwa chini ya Katiba ya 1995, hupokea malalamiko bila malipo kwenye ofisi zake za Kampala na za mikoani, zikiwemo Gulu, Jinja, Mbarara, Masaka na Fort Portal. Unaweza kulalamika kwa niaba ya mzee, na mlalamikiwa si lazima awe serikali. Kuna mitego miwili. Kwanza, ukiukaji uwe haujapita miaka mitano. Pili, Tume haichunguzi jambo ambalo tayari liko mahakamani, kwa hiyo ukitaka njia hii usisubiri kesi ya jinai ifunguliwe kortini.

Kinachoua malalamiko ni ujumla. “Wanamtesa mzee wetu” hakimpi mchunguzi pa kuanzia. Andika hivi:

“Tarehe 4 Machi, saa tisa alasiri, chumba cha pili kushoto, nilimkuta baba amelala chali, pampasi imelowa mpaka kwenye godoro. Kidonda cha sentimita 5 kiko juu ya mfupa wa mkia. Mtunzaji wa zamu alisema alimbadilisha asubuhi. Mzee wa kitanda cha jirani alikuwepo.”

Ongeza majina ya wahusika, jinsi ya kumpata mlalamikaji, namba ya SD, fotokopi ya PF3, picha, na unachokitaka: matibabu, kuhamishwa, fidia. Tume huamua kwanza kama jambo ni lake, kisha huchunguza. Linaweza kwenda kwenye usuluhishi au mbele ya baraza lake la hukumu, lenye uwezo wa kuamuru fidia. Asiyeridhika hukata rufaa Mahakama Kuu. Usuluhishi unafaa pale penye uzembe wa chakula au usafi. Penye kipigo usiukubali, hata wakija na mbuzi.

Mhusika akiwa muuguzi aliyesajiliwa, nakala moja iende Baraza la Wauguzi na Wakunga, ambalo ndilo lenye leseni yake. Ukihitaji wakili wa bure, jaribu Justice Centres Uganda au FIDA Uganda, chama cha wanasheria wanawake.

Mzee akifariki kabla faili halijasikilizwa, msizike kwa haraka. Nendeni polisi na ile namba ya SD, mwombe uchunguzi wa maiti uagizwe kwanza, hata kama turubai limeshafungwa na waombolezaji wamekaa.