Jinsi ya Kuandika Wasifu wa Mfanyabiashara Mhamiaji Aliyekuja Kuwa Meya

Anayetaka kuandika maisha ya mtu aliyehamia nchi ya watu, akachuma mali, kisha akakabidhiwa mji auongoze, hushawishika kuanza na siku ya kuzaliwa na kumaliza na mazishi. Badala yake, tafuta kwanza mahali ambapo biashara yake na siasa yake zilikutana, kisha mengine yote uyapange kulizunguka jambo hilo. Mfano wangu ni Adolph Sutro, Myahudi aliyezaliwa Aachen, Prussia (leo ni Ujerumani), mwaka 1830, akafika San Francisco, Marekani, mwaka 1850, na akawa meya wa mji huo kuanzia 1895 hadi 1897.

Kwa Sutro, mahali penyewe ni nauli. Alikuwa amenunua majabali ya ufukweni, magharibi mwa mji, akayafanya bustani na kuwafungulia wananchi. Lakini njia ya reli ya kuwafikisha huko ilipoangukia mikononi mwa Southern Pacific, kampuni kubwa ya reli, abiria aliyezoea kulipa senti 5 alitakiwa kulipa 10. Ugomvi wake na kampuni hiyo ulimsaidia kushinda uchaguzi wa mwaka 1894 kupitia chama cha Populist, kilichojinadi kuwatetea wakulima na wafanyakazi, na baadaye akajenga njia yake mwenyewe ya tramu ya umeme. Senti hizo 5 zikitajwa mapema, msomaji ataelewa bila kuhubiriwa kwa nini tajiri alipendwa na vibarua. Uliza pia faida ilikuwa ya nani, maana nauli ikishuka, wageni wa Sutro nao huongezeka.

Kisha rudi nyuma ueleze utajiri ulikotoka, wala usiridhike na maneno kama “alijituma sana”. Sutro aliuza tumbaku, kisha mwaka 1860 akaenda Nevada kwenye machimbo ya fedha ya Comstock, ambako mashimo yalijaa maji ya moto na hewa ya kukaba. Alipendekeza handaki lililochimbwa kutoka bondeni, ili maji yatiririke yenyewe badala ya kupandishwa kwa pampu. Kazi ilianza mwaka 1869 na kuyafikia machimbo mwaka 1878, baada ya zaidi ya kilomita 6 za mwamba. Kufikia hapo wachimbaji walikwisha kushuka chini ya usawa wa handaki na mawe yenye fedha yalikuwa yakipungua, naye akauza hisa zake na kwenda kununua ardhi San Francisco. Hapa punguza mwendo: ni mtu aliyeona mbali, au aliyewaachia wengine shimo? Mimi ningeacha maswali yote mawili yasimame.

Umeya wenyewe usiupe kurasa nyingi. Mtu aliyezoea kuamuru hakupatana na madiwani, na muhula ukaisha bila mengi ya kuonyesha. Nafasi hiyo uipe Sutro Baths, mabwawa ya maji ya bahari chini ya paa la vioo, aliyoyafungua mwaka 1896, pamoja na kesi ya John Harris, mtu Mweusi aliyekata tiketi mwaka 1897 akazuiwa kuingia majini, akashtaki, akashinda. Mwandishi anayempenda mno mhusika wake huiruka kesi hii, ilhali aliyepigania senti 5 za abiria ndiye huyohuyo mwenye mlango uliofungwa.

Kuhusu ushahidi, sehemu kubwa ya maktaba ya Sutro iliteketea katika moto uliofuata tetemeko la ardhi la San Francisco la mwaka 1906. Kwa hiyo anza na magazeti ya siku zile, hati za ardhi na majalada ya mahakama, ndipo uwasikilize wanaosimulia habari za babu yao.