Namna ya Kuwa Mtaalamu wa Lishe Aliyesajiliwa katika Afya ya Umma Nchini Marekani

Tangu tarehe 1 Januari 2024, anayetaka kuruhusiwa kufanya mtihani wa usajili wa wataalamu wa lishe nchini Marekani ni lazima awe na shahada ya uzamili, ilhali kabla ya hapo shahada ya kwanza ilitosha. Sharti hilo limeongeza gharama na muda, lakini kwa Mtanzania au Mkenya aliyehitimu lishe nyumbani, au kijana ambaye wazazi wake walihamia huko, lina upande wake mwema: kwa kuwa miaka ya uzamili haiepukiki, anaweza kuitumia kupata shahada ya afya ya umma, inayofahamika kwa kifupi cha MPH, ili ahitimu akiwa na uwezo wa kushughulikia lishe ya mtaa mzima na si ya mgonjwa mmoja mmoja tu.

Jambo la kwanza, ambalo waombaji wengi hulichunguza wakiwa wamechelewa, ni ithibati. Si kila MPH yenye mkondo wa lishe humfikisha mwanafunzi kwenye mtihani wa usajili. Shahada za afya ya umma hupewa ithibati na baraza liitwalo CEPH, na mafunzo ya wataalamu wa lishe hupewa ithibati na chombo kingine kabisa, ACEND. Chuo kinaweza kuwa na jina kubwa, MPH yake ikawa na ithibati kamili ya CEPH, na bado mhitimu wake asiruhusiwe kufanya mtihani kwa sababu programu haikuwa chini ya ACEND. Kwa hiyo anza na orodha ya programu iliyoko kwenye tovuti ya ACEND, kisha tafuta zile zinazounganisha mambo yote mawili, kama vile zilizoko Chuo Kikuu cha North Carolina pale Chapel Hill na Chuo Kikuu cha Michigan pale Ann Arbor. Halafu mwandikie mratibu wa programu swali moja: je, nikimaliza nitapewa hati ya uthibitisho itakayoniruhusu kufanya mtihani wa CDR, yaani tume inayosajili wataalamu wa lishe? Jibu la ndiyo huwa fupi. Ukijibiwa kwa aya tatu zinazozunguka, chukulia kwamba ni hapana mpaka uthibitishiwe vinginevyo.

Ipo njia ya pili, ya kusoma kwanza kozi za msingi za lishe zilizoidhinishwa na ACEND, kisha kuomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo, huku shahada ya uzamili ikichukuliwa kwingine na katika fani yoyote. Njia hii inafaa kwa aliyekwisha kupata MPH ya kawaida, ingawa ni ndefu na humlazimu mtu kuomba nafasi mara mbili.

Aliyesoma nje ya Marekani atahitaji matokeo yake yatathminiwe kozi kwa kozi na wakala anayekubaliwa na ACEND, kwani tathmini ya jumla inayosema tu kwamba shahada yake inalingana na ya Marekani haitoshi. Hata tathmini nzuri haifuti mapengo: programu nyingi hudai kemia ogani, baiokemia, fiziolojia, mikrobaiolojia na takwimu, na mhitimu wa lishe anaweza kukuta kwamba kozi mbili alizosoma zimehesabiwa kuwa moja. Kabla hujasafiri, omba idara yako ikupe mihutasari ya kozi zote, yenye mada na saa za maabara na kupigwa muhuri, maana kuifuatilia kwa simu ukiwa ng'ambo ni kazi ya kuchosha.

Kiini cha mafunzo ni saa zisizopungua 1,000 za kazi kwa vitendo chini ya usimamizi, zinazogawanywa kati ya hospitali, jikoni za taasisi na huduma za jamii. Kwa mwanafunzi wa afya ya umma, sehemu yenye faida kubwa mara nyingi ni kliniki ya WIC, mpango wa chakula na lishe wa serikali kuu ulioanzishwa kwa majaribio mwaka 1972, unaohudumia wajawazito, waliojifungua karibuni, wanaonyonyesha na watoto hadi wanapotimiza miaka 5. Mtoto hupimwa uzito na urefu, huchomwa kidole ili hemoglobini ijulikane, kisha mama huulizwa mtoto amekula nini tangu jana. Hapo ndipo Kiswahili huwa na thamani. Mama mkimbizi kutoka Kongo akisema mtoto alikula bugali na sombe, yaani ugali na kisamvu, mwanafunzi makini atauliza kama sombe ilipikwa kwa mawese au karanga, na kama mtoto alikula kwenye sahani yake au kwenye sinia pamoja na kaka zake. Asiyeuliza huandika “mboga za majani, kikombe kimoja”, na mafuta yote hupotea katika hesabu. Hata hivyo, usianze kutoa ushauri kwa Kiswahili kabla ya kujua taratibu za kliniki kuhusu wakalimani.

Usiishie kwenye ushauri wa mtu mmoja mmoja. Mwombe msimamizi wako, kwa kibali, takwimu zisizo na majina ya wateja, uzitumie katika kazi yako ya epidemiolojia: ni mitaa gani watoto wana upungufu wa damu zaidi, na ni duka gani la karibu linalopokea kadi za WIC?

Kuhusu fedha, saa hizo kwa kawaida hazilipwi, na ada ya chuo huendelea kudaiwa. Ongeza nauli au gari, chanjo, kipimo cha kifua kikuu na uchunguzi wa rekodi za uhalifu. Mwenye viza ya mwanafunzi aonane mapema na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kuhusu kibali cha mafunzo kwa vitendo.

Mtihani hufanywa kwenye kompyuta, una maswali 125 hadi 145, na ukishajibu swali huwezi kulirudia. Alama ya kufaulu ni 25 katika kipimo cha 1 hadi 50, na anayeshindwa husubiri siku 45. Wanafunzi wa afya ya umma hupuuza maswali ya jikoni, ambayo hayana huruma: gharama za milo, idadi ya sahani, na halijoto za hatari kwa chakula, zinazotajwa kwa Fahrenheit, yaani kati ya 41 na 135, si 5 na 57 za Selsiasi ulizozizoea.

Usajili ni wa kitaifa, lakini leseni ni ya jimbo, na masharti hutofautiana. Soma sheria ya jimbo unakotaka kufanya kazi kabla ya kusaini mkataba, na uanze mara moja kutunza kumbukumbu za mafunzo endelevu, kwani CDR hudai saa 75 katika kila miaka 5.