Mazoezi ya viungo kwa mgonjwa wa saratani aliyelazwa: somo kwa mnaouguza

Ukipita wodi za saratani, iwe Ocean Road, Bugando au KCMC, utasikia ndugu wakimwambia mgonjwa wao, "Lala, usijichoshe." Wanasema kwa upendo. Lakini mwili unaolala mchana kutwa hupungukiwa nguvu za misuli ndani ya siku chache, makohozi hutuama kifuani, damu inaweza kuganda miguuni na ngozi ya matako ikaanza kuchubuka. Na ule uchovu wa kemo (dawa kali za saratani) au mionzi hauishi kwa kulala. Mara nyingi hupungua mgonjwa akijongea kidogo kidogo. Mtaalamu wa mazoezi tiba hupita kwa muda mfupi. Saa zilizobaki mgonjwa yuko mikononi mwenu.

Hatua ya 1: Uliza kabla hujamgusa

Hatua hii msiiruke hata kidogo, kwa sababu zoezi linalomsaidia mmoja linaweza kumvunja mfupa mwingine. Mwulizeni daktari au nesi mambo manne.

Saratani imefika kwenye mifupa? Kama ipo kwenye uti wa mgongo, nyonga au paja, asiinamie mbele, asizungushe kiuno wala kuukanyagia mguu huo mpaka aruhusiwe.

Damu ni ngapi, yaani kipimo cha Hb? Ikiwa chini ya 8, aende taratibu sana. Akianza kuhema au moyo kwenda mbio, aache.

Chembe zinazogandisha damu je? Kwenye karatasi ya maabara zimeandikwa PLT, na maabara nyingi huhesabu kwa maelfu, kwa hiyo 50 ni 50,000. Chini ya hapo asinyanyue wala kuvuta kitu kizito. Chini ya 20,000 ni miendo myepesi tu, tena kwa idhini ya daktari, maana akianguka anaweza kuvuja damu kwa ndani.

La nne ni joto la mwili. Likifika 38 kwa mtu aliye kwenye kemo, hakuna mazoezi: mwiteni nesi saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Hatua ya 2: Akiwa amelala

Avute pumzi ndefu kwa pua, aishikilie kidogo, aitoe polepole kwa mdomo, mara tano. Kisha avute vidole vya miguu kuelekea kwake na kuvisukuma mbele, mara kumi. Abane misuli ya paja huku goti limenyooka, ahesabu hadi tano, aachie. Arudie kila baada ya saa moja au mbili akiwa macho.

Hatua ya 3: Kuketi

Msimvute mikono. Akunje magoti, ageuke ubavu mwili mzima kwa pamoja, ashushe miguu huku akijisukuma kwa mkono. Akae ukingoni dakika moja au mbili kabla ya kusimama. Kizunguzungu kikija, mrudisheni alale.

Chakula ale akiwa ameketi, na uso anawe mwenyewe kama anaweza. Hayo nayo ni mazoezi, na humrudishia heshima yake.

Hatua ya 4: Kusimama na kutembea

Viatu vya kufunika kisigino, si ndala. Angalieni dripu na mpira wa mkojo visinaswe. Simama upande wake dhaifu. Mwendo unaofaa ni ule anaoweza kuongea nawe bila kukatika pumzi. Leo hadi mlangoni, kesho hadi chooni; safari fupi tatu ni bora kuliko moja ndefu inayomlaza siku nzima.

Maswali ya wanaouguza

*Shikamoo dokta. Mama yangu anapigwa mionzi ya shingo ya kizazi. Tangu jana mguu mmoja umevimba na unauma. Shangazi anataka tuukande kwa maji ya moto.*

Marahaba mwanangu, pole kwa kuuguza. Msiukande, msiuchue, na asitembee kwanza. Mguu mmoja unaovimba ghafla unaweza kuwa na damu iliyoganda, na donge hilo likihama huenda kwenye mapafu. Mwambieni daktari leo. Na sehemu iliyopigwa mionzi isiwekwe maji ya moto wala mafuta ambayo wodi haijaruhusu.

*Mwanangu ana saratani ya damu. Siku hizi anaburuza vidole akitembea na anasema miguu ina ganzi.*

Pole sana mama. Dawa ya vinkristini, inayotumika sana kwa watoto, inaweza kudhoofisha mishipa ya fahamu ya miguu. Daktari aambiwe, lakini msikatishe dawa wenyewe. Akiwa ameketi na mguu umenyooka, pitisha kanga chini ya wayo, uvute taratibu kuelekea kwake, hesabu hadi ishirini, mara tatu. Avae viatu, na ulizieni kifaa cha kushikilia wayo.

*Mzee wetu ana saratani ya tezi dume iliyofika mgongoni. Alikuwa anatembea vizuri, leo miguu inamlegea na mkojo hautoki. Tuongeze mazoezi?*

Hapana ndugu yangu. Hiyo ni dalili kwamba uti wa mgongo unabanwa. Alale chali, asiketishwe, na daktari wa zamu aitwe sasa hivi; saa chache zinaweza kuamua kama atatembea tena. Mazoezi tutayapanga baada ya daktari kumwona.