Jinsi ya kuchora mwenendo wa nafaka Tanzania tangu 1961 bila kudanganywa na mpunga

Wiki iliyopita mpwa wangu alinijia na grafu yake ya utafiti wa chuo, mchele kwa mtu mmoja kwa mwaka Tanzania nzima, mstari unapanda taratibu miaka na miaka halafu ukifika 2010 unaruka ghafla. Tayari alishaandika aya ndefu kwamba huo mruko ni matunda ya Kilimo Kwanza, ule mkakati wa serikali wa kukuza kilimo, kwa sababu ilizinduliwa 2009, na ukiangalia haraka haraka inaingia akilini kabisa. Nikamwambia mwanangu hiyo aya iweke pembeni kwanza, tufungue faili. Tulikaa naye siku mbili, na nilikumbuka jinsi mimi mwenyewe kitu hikihiki kilivyonilia wiki nzima zamani, ndiyo maana naandika hapa.

Hatua ya 1: Chukua data

Nenda FAOSTAT, ile kanzidata ya FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa), ni bure na huhitaji akaunti. Tafuta mizania ya chakula, yaani hesabu ya chakula kilichoingia nchini na kilikokwenda. Utakuta ziko mbili: "Food Balances (-2013, old methodology and population)" inayoanza 1961 kuishia 2013, na "Food Balances (2010-)" inayoendelea mpaka miaka ya karibuni. Daunlodi zote mbili. Nchi chagua United Republic of Tanzania.

Kwenye vyakula usichukue jumla ya nafaka peke yake (kodi 2905, yaani namba ya utambulisho wa chakula hicho). Chukua pia ngano 2511, mahindi 2514, uwele na ulezi viko pamoja 2517, mtama 2518, na mchele. Mchele ndio wenye kesi: faili la zamani unaitwa 2805, faili jipya unaitwa 2807. Fanya kazi kwa kodi, majina achana nayo, maana majina yanabadilika kidogo kidogo na ukiunganisha majedwali kwa jina utapoteza mistari bila kujua.

Vipimo: kilo kwa mtu kwa mwaka, kalori kwa mtu kwa siku, uzalishaji, uagizaji, uuzaji nje, mabadiliko ya akiba, jumla ya ndani (nafaka yote iliyokuwepo nchini mwaka huo), lishe ya mifugo, mbegu na upotevu. Kalori usiziache hata kama mada yako ni kilo, utaona hapo chini kwa nini.

Hatua ya 2: Ingiza kwenye jedwali

Mimi natumia LibreOffice Calc, ukiwa na Excel sawa. Miaka iende chini, nafaka ziende pembeni. Faili la zamani shiti yake, jipya shiti yake, usichanganye.

Hatua ya 3: Mpunga au mchele?

Hapa tulia.

Sisi tuna bahati ya lugha. Shambani ni mpunga, ukishakobolewa ni mchele, ukishapikwa ni wali, na hakuna mtu Kyela au Mbarali atakayekuuzia mpunga kwa bei ya mchele ukakubali. Kiingereza vyote vitatu kinaviita neno moja, na data imeandikwa Kiingereza, kwa hiyo unaona "Rice" unaendelea na safari. Kumbe faili la zamani limehesabu kwa uzito wa mchele, na lile jipya limehesabu kwa uzito wa mpunga, maganda na pumba vyote ndani. Unaunga kilo za mchele na kilo za mpunga kwenye mstari mmoja halafu unashangaa 2010 kuna mruko.

Jinsi ya kujua uko na kipi, usikariri, pima. Chukua kalori kwa siku zidisha kwa 365 gawanya kwa kilo kwa mwaka. Kama kalori ziko kolamu D na kilo kolamu C, andika =D2*365/C2. Jibu likiwa karibu na 3,600 basi kilo zako ni za mchele, kwa sababu kilo moja ya mchele ina kalori kama 3,600 hivi. Likiwa karibu na 2,400, huo ni mpunga. Fanya kipimo hiki kila unapodaunlodi upya, hata kama mwezi uliopita ulishafanya, kwa sababu data hizi zinarekebishwa mara kwa mara.

Sasa kubadilisha. FAO wanatumia 0.667, yaani kilo 100 za mpunga zinatoa kilo 66.7 za mchele. Mfano wa kufundishia tu, tuseme jedwali linasema kilo 45 na kalori 296. 296 mara 365 gawa kwa 45 unapata kama 2,400, kwa hiyo ni mpunga, zidisha 45 kwa 0.667 unapata kilo 30 za mchele. Mashine zetu nyingi za mtaani hazifiki 66.7, gunia la kilo 100 likikupa 65 safi unashukuru, lakini kwenye kazi hii tumia 0.667 hiyohiyo ili uwarudishe kwenye kipimo chao wenyewe, usianze kuweka ya kwako.

Mambo manne ambayo watu wanakosea baada ya hapo, na mpwa wangu alipitia matatu. Kalori usizizidishe kwa 0.667, zenyewe ziko sawa tayari, ndiyo maana mimi kwa grafu ya miaka 60 napenda kalori kuliko kilo. Pili, jumla ya nafaka, ile 2905, nayo imebeba mpunga tumboni, kwa hiyo ukirekebisha mchele peke yake jumla bado imevimba: toa 2807 kwenye jumla, halafu rudisha 2807 ikiwa imezidishwa. Tatu, ukichukua uzalishaji kwenye ukurasa wa mazao, huo ni mpunga, na ukichukua uagizaji kwenye ukurasa wa biashara, kinachoshuka bandarini Zanzibar ni mchele, kwa hiyo ukigawanya kimoja kwa kingine moja kwa moja utaona nchi inaagiza kidogo kuliko ukweli. Nne, ukisharekebisha andika juu ya kolamu "kilo, mchele", maana baada ya wiki mbili utasahau na utazidisha mara ya pili.

Hatua ya 4: Kuunga zamani na mpya

Usiunge. Najua wengi wanaunga, mimi sikubali. Chora mistari miwili, rangi mbili, ipishane miaka 2010 mpaka 2013 ambayo iko kwenye mafaili yote mawili. Hata ukishamaliza habari ya mpunga utakuta bado kuna pengo, sababu makadirio ya idadi ya watu yamebadilika na njia ya kuhesabu imebadilika. Kwa mtu mmoja maana yake unagawanya kwa watu, na watu wetu wanaongezeka kasi, sensa ya 2012 tulikuwa milioni 44.9, ya 2022 tumekuwa milioni 61.7. Tani zinaweza kupanda kila mwaka na kilo kwa mtu zisisogee. Weka grafu ya tani pembeni.

Alama ya mabadiliko ya akiba nayo iangalie: jaribu mwaka mmoja, uzalishaji jumlisha uagizaji toa uuzaji nje, halafu akiba ijaribu kwa kujumlisha na kwa kutoa, ile inayokupa jumla ya ndani ndiyo alama ya faili hilo.

Hatua ya 5: Lainisha

Tumia wastani wa miaka 3 unaosogea mwaka hadi mwaka. Mitano inaficha ukame.

Hatua ya 6: Soma grafu yako

Hizi kilo ni chakula kilichopatikana, siyo kilicholiwa, kiporo kilichomwagwa kimo humo. Nafaka iliyoenda kwenye bia na pombe haimo. Mahindi yaliyovuka kwa njia za panya kule Namanga au Sirari bila karatasi yanaweza kuonekana yamebaki nchini na sisi ndio tumeyala. Na usisome kilo bila kuuliza zimetoka wapi, waulize wazee habari ya ugali wa Yanga, ule unga wa njano wa mahindi ya msaada kutoka Marekani: kwenye mizania kilo hizo zinakaa pamoja na za shambani, ukitaka kuzitofautisha fungua kolamu ya uagizaji. Ngano leo ni hivyohivyo, sehemu kubwa inakuja kwa meli.

Mpwa wangu alivyorekebisha, mruko wake wa 2010 ulipungua sana. Akaniuliza, "Mjomba, sasa Kilimo Kwanza niifute kabisa?" Nikamwambia hapana, iulize upya kwa tani za mpunga na hekta kutoka ukurasa wa mazao, ambako mfululizo haujakatika 2010. Hiyo ndiyo anafanya sasa hivi.